Alhamisi ya Sanduku la Kuimba

Moffat Nderitu alikuwa fundi wa baiskeli pale Chaka, kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nanyuki, na kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna harusi ya maana iliyofanyika pande hizo bila yeye kuitwa aje na kinanda chake. Kilikuwa kinanda cha kifuani, kile cha kuvuta na kusukuma, na mikunjo yake ilikuwa na viraka vya ngozi ya mbuzi alivyovishona mwenyewe. Mkewe, Ngendo, ndiye aliyempigia karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa kwa kijiti cha chuma. Wakianza wawili hao, wazee waliacha fimbo zao ukutani wakashikana mikono kucheza mwomboko, hatua mbili kisha kuinama na kuzunguka, mpaka vumbi linawafika magotini.

Kwa ufundi wake hakuwa na la kulalamikia. Kilichomkosesha raha ni redio.

Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, mtangazaji mmoja alikuwa na dakika zake tano za kueleza leo ni siku gani katika muziki. Siku kama ya leo, alikuwa akisema, alizaliwa mpiga tarumbeta fulani wa ng'ambo. Siku kama ya leo bendi fulani ya Kinshasa ilipanda jukwaani mara ya kwanza. Siku kama ya leo santuri fulani ilitoka kiwandani. Moffat alikuwa akimkamua ng'ombe wakati huo, redio ikining'inia msumarini, na mara nyingi Ngendo alimkuta amesimamisha mikono, maziwa yamekoma, sikio limeelekea juu.

"Baba Nyakio, ng'ombe anakungoja."

"Ngoja kwanza. Huyu naye ana siku yake. Kila mtu wa muziki ako na siku."

"Na wewe?"

Hapo ndipo palipomuuma. Moffat hakuijua siku yake. Mama yake alimwambia tu kwamba alizaliwa mvua ndefu zikiisha, mwaka ambao nzige walikuwa wamekwisha kwenda.

Mwaka wa 1996 serikali ilikuwa ikibadilisha vitambulisho, na mwezi wa Machi Moffat alivaa koti lake la harusi akaenda Nyeri mjini kutafuta kipya. Aliyemhudumia alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Gaudencia, mwenyeji wa Bungoma, aliyekuwa amefanya kazi Nyeri miaka minne. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza.

"Tarehe ya kuzaliwa, Mzee?"

"Hiyo ndiyo sina."

"Si shida. Wazee wengi hawana. Tunaandika mwaka peke yake, ama tuweke Januari tarehe moja."

"Madam, hiyo Januari moja iko na watu wangapi?"

Gaudencia alitazama rundo la fomu mezani. "Leo pekee, kumi na saba."

"Basi mimi usiniweke hapo. Mimi ni mtu wa kinanda. Mtu wa muziki huwa na siku yake. Hata redio inasema."

Watu kwenye foleni waliangua kicheko, na Gaudencia naye alicheka, lakini alipomwona mzee hacheki aliiweka kalamu chini. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani. Akamuuliza kama kuna mtu aliye hai ambaye alikuwepo siku ile.

"Dada yangu. Anaishi Mwea."

"Nenda umuulize. Ukipata siku, uje na yeye na barua ya chifu. Fomu yako nitaiweka kwa droo."

Jeniffer alikuwa mkubwa kwa Moffat kwa miaka minane. Aliolewa Mwea kabla mifereji haijachimbwa yote, akalima mpunga mpaka wajukuu wakamwambia apumzike, na hata hivyo hakupumzika. Moffat alimkuta uani ameanika mpunga kwenye turubai, ufito mkononi, anafukuza kuku.

Walipokwisha kunywa chai, Moffat alieleza kilichomleta. Dada yake aliweka kikombe chini, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Moffat alidhani analia.

"Jeniffer, kuna nini?"

"Nilijua siku moja utauliza," alisema, na Moffat akaona kwamba alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Ulizaliwa siku ile sanduku iliimba."

Akamsimulia. Mwenye duka pale kwao kijijini alikuwa ameleta gramafoni kutoka Nairobi, sanduku lenye pembe kama ua kubwa, na habari zikasambaa kwamba mchana huo litaimba lenyewe bila mtu ndani. Mchana huohuo mama yao akashikwa na uchungu, akamtuma Jeniffer mbio amwite mkunga. Jeniffer alifika kwa mkunga akakuta nyumba tupu. Majirani wakamwambia mkunga ameenda dukani kama watu wengine wote. Basi Jeniffer akakimbilia dukani.

"Nikamwona. Alikuwa amesimama mbele kabisa, mdomo wazi. Nikapenya mpaka nikamfikia, nikamshika nguo. Halafu sanduku ikaanza."

"Na wewe ukamwambia?"

"Moffat, nilisahau." Aliinua ufito akaushusha. "Nilisahau kabisa. Nilisimama hapo nimeshika nguo ya mkunga, nikasikiliza. Mwenye duka akageuza santuri upande wa pili, nikasikiliza tena. Mpaka mkunga akaniangalia akaniuliza, wewe mtoto, unanivutia nini? Ndio nikakumbuka. Tulikimbia. Tukakuta umeshatoka, na mama peke yake amekufunga kwa shuka."

"Mama alijua?"

"Nilimwambia mkunga hakuwa nyumbani. Na haikuwa uongo, hakuwa nyumbani. Lakini hiyo ingine sikuwahi kumwambia mtu. Miaka sitini na mbili."

Moffat alimtazama dada yake, mwanamke aliyeogopwa na vijana wote wa kijiji chake, akaona mtoto wa miaka minane aliyeshikilia nguo ya mkunga. Alianza kucheka taratibu, kisha kicheko kikamzidi nguvu akalazimika kushika mguu wa meza. Kuku walirudi kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza.

Siku ilikuwa imejulikana, lakini tarehe bado. Ni Jeniffer aliyekumbuka kwamba Mwalimu Zablon, katekista wa misheni, aliikasirikia sana gramafoni, na kwamba alikuwa mtu wa kuandika kila kitu katika kitabu cheusi. Katekista alikuwa amefariki zamani. Binti yake, Mwalimu Lois, alikuwa amestaafu ualimu na aliishi Ruring'u, si mbali na uwanja wa michezo.

Mwalimu Lois alivitoa vitabu vya baba yake kwenye kasha la bati, vyote kumi na viwili, akavaa miwani, akamkaribisha Moffat kitini. Walisoma alasiri mbili. Baba yake alikuwa ameandika mvua, magonjwa ya ng'ombe, majina ya waliobatizwa na ya walioolewa. Alasiri ya pili, chai ikiwa imepoa, Mwalimu Lois alisimamisha kidole kwenye ukurasa akasoma kwa sauti ya darasani:

"Alhamisi, tarehe kumi na nne Juni, 1934. Leo hakuna darasa la ubatizo. Watu wote wamekwenda dukani kusikiliza sanduku la kuimba. Nilikwenda kuwarudisha." Akasogeza kitabu karibu na macho. "Nimerudi jioni."

"Soma tena hapo mwisho," Moffat alisema.

"Nimerudi jioni." Mwalimu Lois alivua miwani. "Kumbe na yeye! Na nyumbani alitukataza hata kupiga mluzi!"

Moffat alirudi ofisini na Jeniffer, kitabu cheusi kilichofungwa kwa gazeti, na barua ya chifu. Gaudencia aliwaita wenzake wawili waje wasikie. Kisha akatoa fomu kwenye droo, na kwa ule mwandiko wake mzuri akaandika 14 Juni 1934, Moffat akiwa ameinamia meza kuhakikisha hakuna nambari inayopotea njia.

Habari kama hiyo haikai Nyeri mjini. Ilipanda Chaka kabla ya mwenyewe. Wiki iliyofuata, Peterson Kingori, mpiga gitaa aliyekuwa akipambana na Moffat katika harusi tangu ujana wao, alisimama mbele ya meza ya Gaudencia akasema kwamba naye amekumbuka alizaliwa siku ya sanduku. Siku mbili baadaye akaja mpiga filimbi kutoka Karatina na maneno yaleyale. Kisha akaja mama mmoja aliyekuwa akiongoza nyimbo za wanawake, ambaye alisema mama yake alijifungulia palepale dukani, nyuma ya magunia ya chumvi.

"Kwani kule kwenu siku hiyo wanawake wote walijifungua?" Gaudencia aliuliza.

Alimtumia Moffat ujumbe kupitia mtu wa Chaka, naye Moffat aliposikia alikasirika kweli. Aliufunga mlango wa kibanda chake saa sita mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaenda nyumbani.

"Peterson amenichukulia harusi," alimwambia mkewe. "Amenichukulia hata wimbo wangu mmoja. Sasa anataka na siku yangu! Na hata si umri wangu. Alitahiriwa mbele yangu miaka minne!"

Ngendo alikuwa akimenya viazi. Hakuinua kichwa. "Jana redio ilisema nini?"

"Ilisema nini?"

"Ilisema kuna mwimbaji wa ng'ambo alizaliwa jana, na mpiga piano, na bendi ingine ilirekodi. Siku moja, watu watatu. Walipigana?"

"Hao hawajuani."

"Basi wewe uko na bahati, wako unawajua." Alitupa kiazi sufuriani. "Unataka kucheza siku hiyo na nani? Mimi na wewe tu, tuangaliane?"

Moffat hakuukubali ushauri huo siku hiyo wala iliyofuata. Siku ya tatu alipanda baiskeli ya mteja, akasema anaijaribu breki, akaendesha mpaka kwa Peterson. Alimkuta kwenye kabichi zake.

"Madam hawezi kukuandikia," alimwambia bila salamu. "Wewe ni wa mwaka thelathini, kila mtu anajua."

"Najua," alisema Peterson, akichezea jembe. "Lakini siku sina. Umekaa ukijigamba na siku mpaka nikaona wivu."

"Basi kwa kitambulisho, hapana. Lakini tarehe kumi na nne njoo na gitaa. Na umlete yule wa filimbi."

"Na mama wa chumvi?"

"Na yeye."

Tarehe kumi na nne Juni iliangukia Ijumaa. Baridi ya Juni ilikuwa imeingia, mlima hauonekani kwa ukungu, lakini uani kwa Moffat moto uliwaka tangu asubuhi na watu walifika kwa makundi. Jeniffer alitoka Mwea na gunia la mchele na akakataa mtu mwingine asiupike. Mwalimu Lois alikuja na kitabu cha baba yake akakisoma mara tano, kwa sababu kila kundi lililofika lilitaka kusikia "nimerudi jioni". Gaudencia aliomba ruhusa kazini akafika alasiri, amevaa kitenge cha manjano, akaletewa kiti cha heshima ambacho hakukikalia sana.

Kwa maana Moffat alivaa kinanda chake, Ngendo akagonga chuma, na Peterson akaingia na gitaa bila kungoja kuitwa. Safari hii hakumfunika mwenzake. Alipita chini yake, kama anayebeba ncha ya pili ya mzigo. Moffat alimtazama kwa jicho la pembeni, akaona kwamba kumbe mtu huyu anajua kupiga. Mzee mmoja alimwomba Gaudencia wacheze. Hatua mbili alizipata upesi, kuinama kukamshinda, akamkanyaga mzee mara tatu, na wote wawili wakacheka mpaka wakatoka nje ya mstari.

Walipopumzika kunywa uji, Jeniffer alikuwa ameketi karibu na jiko akiimba peke yake bila maneno, la-la-la, sauti ya kikongwe iliyopasuka katikati. Moffat alimsogelea.

"Ni wimbo gani huo?"

"Ni ile ya sanduku. Upande wa kwanza. Maneno sijui, haikuwa lugha ya mtu wa hapa."

"Umeikumbuka miaka hii yote?"

"Wimbo huu ulichapwa moyoni mwangu, nitausahau namna gani? Ngoja, inapanda hivi." Akaimba tena, akipandisha mkono hewani.

Moffat alitafuta kwa vidole. Akakosa, dada yake akatikisa kichwa. Akakosa tena. Peterson alivuta kigoda karibu akaipata sauti ya tatu ya wimbo, yule wa filimbi akaipata ya tano, na kidogo kidogo wimbo ukasimama kwa miguu yake, wimbo wa polepole, wenye kuzunguka kama gurudumu lililoinuliwa juu ya ardhi. Watu uani walisogea karibu. Jeniffer alisema, "Hapo. Hapo sasa," akashika nguo ya Ngendo aliyekuwa karibu naye na hakuiachilia mpaka wimbo ulipoisha.

Waliupiga mara nne, na mara ya nne watu walikuwa wameshapata namna ya kuucheza.

Kesho yake Moffat alifungua kibanda kama kawaida, kwani kulikuwa na magurudumu mawili ya kuzibwa. Jeniffer alikaa nao wiki nzima, akimwelekeza Ngendo jinsi ya kupika mchele ambao Ngendo alijua kupika. Peterson naye alizoea kupita jioni jioni, kwanza akisema baiskeli yake ina kasoro, baadaye bila kusema chochote. Kufikia Agosti walikuwa wakialikwa harusi pamoja, kinanda, gitaa na karing'aring'a, na watu wa pande zote za Kieni wakawa wanagombea kuwapata Jumamosi.