Mashine ya Kukata Nyama ya Baba

Nianze kwa kusema kwamba sikuinunua mashine ile kwa sababu ya uvivu. Hivyo ndivyo mke wa ndugu yangu alivyowaambia akina mama wa kanisa, ati nimekuwa mtu wa kisasa hata kabichi nakatiwa na stima. Mwenye kusema na aseme. Niliinunua kwa sababu ya mikono ya baba yangu.

Baba alikuwa mkata nyama. Hakuwa na bucha, la. Alikuwa mkulima wa kahawa kama kila mtu wa upande wetu wa Mukurweini. Lakini kukiwa na arusi, au watu wameleta mahari, au mtoto wa jirani amemaliza chuo, aliitwa yeye. Mbuzi akishaiva analetwa kwenye ubao, baba anakunja mikono ya shati, na watu wanasogea. Kwetu mbuzi hakatwi ovyo. Masikio ni ya wasichana, mbavu ni za wanawake, kichwa ni cha wanaume, na aliyeshika kisu ndiye anayejua nani apewe kwanza na nani angoje. Nimeona wanaume wenye magari wakimngoja baba yangu, mwenye gambuti zilizopasuka, awawekee kipande mkononi, na wakishapewa wanasema asante.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Kwanza ilikuwa chai kumwagika kwenye kisahani, halafu vifungo vya shati, halafu sahihi yake kwenye kiwanda cha kahawa ikawa haifanani na ya jana. Daktari wa Nyeri alimpa vidonge na akasema vitapunguza, havitaponya. Baba alivimeza na kuendelea kukata nyama za watu, mpaka siku ya karamu ya kanisa alipojikata kidole gumba mbele ya wote, damu ikaingia kwenye nyama. Wazee wenzake walimwondolea kisu kwa upole sana. Pumzika sasa, mzee, walimwambia. Alirudi nyumbani kidole kimefungwa leso, akakaa kwenye kiti chake, na chakula nilichompakulia hakukigusa. Upole wa wale wazee ndio uliomuumiza. Wangemtukana, angetukana pia na mambo yangeisha.

Wakati huo nilikuwa nimeshatoka kwenye ndoa yangu kule Chaka, na mama alikuwa ameshatuacha, kwa hiyo nyumbani tulikuwa wawili, baba na mimi. Nina kibanda cha kushona sare za shule pale Gakindu. Asubuhi naenda kushona, jioni narudi kupika. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwa desturi yetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Ndiyo sababu baba hajawahi kuniita kwa jina langu. Huniita Maitu, yaani mama yangu. Ndugu yangu anayenifuata alipewa jina la babu, naye baba humwita Baba. Watu wa nje wakitusikia hucheka, mzee mzima anaita watoto wake mama na baba. Nilipokuwa mdogo nilijiona mkubwa sana kwa kuitwa hivyo. Sikuwa nimejua bado kwamba ni kazi.

Mashine yenyewe niliiona mara ya kwanza Nanyuki, nilipopeleka sare. Niliingia kwenye bucha moja inayouzia wenye mashamba makubwa, nikamkuta kijana mwenye kofia nyeupe akisukuma pande la nyama kwenye kisu cha mviringo kinachozunguka. Upande wa pili vipande vilikuwa vinalala kimoja juu ya kingine, vyembamba kama karatasi za daftari. Nilichokiona mimi ni kwamba mkono wake haukugusa kisu. Ulikuwa nyuma ya kikingio, unasukuma tu, unarudi, unasukuma. Nilisimama pale mpaka wakaniuliza kama nanunua. Nikanunua soseji ambazo sikuzitaka, nikarudi nyumbani nikiwaza.

Kuitafuta kulinichosha. Katika mji wa Nyeri niliingia duka baada ya duka. La kwanza walinionyesha jitu la chuma, zito kuliko cherehani yangu, la kuwekwa hotelini. La pili walikuwa na kitu cha plastiki ambacho kingeteleza juu ya meza kama sabuni, na muuzaji alipobanwa sana akakiri kwamba ni cha mkate. La tatu ndilo lililokuwa na za nyumbani, mbili, zikiwa zimesimama kando kwa kando. Muuzaji alinisifia moja kwa sababu ina usalama: ukitoa kidole kwenye swichi inazima yenyewe. Nikamwambia aichomeke. Nikaweka kidole kwenye swichi, nikatetemesha mkono wangu kama wa baba, na mashine ikawa inakoroma na kukata, inakoroma na kukata, kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Muuzaji aliniangalia akafikiri mimi ni mgonjwa. Nikamwambia lete hiyo nyingine. Hiyo ilikuwa na swichi pana, ukiibonyeza mara moja inabaki imewaka, miguu ya mpira inayoshika meza, na kikingio kikubwa cha kufunika mkono wote. Nikatetemesha tena mkono, nikafumba na macho. Haikujali. Niliibeba siku hiyo hiyo.

Baba aliitazama ikitoka kwenye boksi na kusema hiyo ni ya hoteli. Akaendelea kusema hivyo kwa majuma kadhaa, na mashine ikakaa jikoni chini ya kitambaa, ikinisuta kila nikipita. Sikumsukuma. Mzee hasukumwi. Jumapili moja tulipotoka kanisani alifunua kile kitambaa mwenyewe, akaniuliza hiki kitu kinakula nini. Nikampa nusu ya kabichi. Alisukuma mara ya kwanza akaruka kwa ule mlio, akasukuma ya pili, na ya tatu akawa hataki kutoka. Alikata kabichi yote, akakata karoti, akaitisha mkate. Siku hiyo tulikula kabichi mpaka usiku, na nilimsikia baba yangu akicheka peke yake jikoni.

Nyama tulijifunza pole pole. Ya moto hupasuka vipande vipande, na yenye mfupa huharibu kisu, kwa hiyo nikawa nachemsha mnofu jioni, naulaza upoe, naye anaukata mchana wa siku ya pili. Alijua kugeuza nyama ili kisu kikate nyuzi zake kwa upana, jambo ambalo hakuna karatasi ya maelezo iliyomfundisha. Alitaka vipande vyembamba sana, maana magego yake yaliisha zamani. Siku ya kwanza ilipotoka vizuri, alichukua kipande cha kwanza, na kabla ya yeye kuonja aliniwekea mimi mkononi, vile alivyokuwa akiwawekea wenye magari.

"Maitu," akasema, "hii imekatwa."

Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo. Nilikula kile kipande nimesimama, na nikaamua kwamba Krismasi baba yangu atakata nyama mbele ya watu wake.

Ndugu yangu ana duka la mabati na simiti mjini Murang'a. Si mtu mbaya. Huja Krismasi na wakati wa mazishi, analeta soda, anamuuliza baba kama anakula, baba anasema anakula, na hapo yanakuwa yameisha. Mwaka huo nilijitayarisha kama mtu anayeoza binti. Nilimwambia mwenye bucha anitolee mfupa kwenye paja la mbuzi, nikalichoma mkesha wa sikukuu, nikaliacha lipoe. Asubuhi niliweka mashine juu ya meza kubwa ya sebuleni, nikaitandikia kitambaa cheupe, nikamwomba Mungu stima isipotee. Nje, nyuma ya stoo, nilisikia chuma kikinolewa kwenye jiwe, mkwaruzo usio na mpangilio, unaacha na kuanza. Nilidhani baba ananoa panga. Nikasema moyoni, mzee leo ana furaha.

Walipofika, ndugu yangu alisimama mlangoni akaiona mashine, akacheka. Akauliza kama siku hizi mbuzi anakatwa na stima. Mkewe akasema ni kama hoteli tu, na watu wakacheka tena. Nilimwangalia baba nikimngojea aseme neno. Aseme tu, ngoja uone. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, amekaa wima, na alikuwa anaiangalia ile mashine kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

"Toa hiyo kitu yako hapa, Maitu," akasema.

Hiyo kitu yangu. Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji. Yeye akaingiza mkono ndani ya koti, mkono ukitetemeka, akatoa kisu chake kikiwa kimefungwa kitambaa. Ndipo nikajua kilichokuwa kinanolewa. Akakifungua, akageuza mpini ukaelekea kwa ndugu yangu.

"Shika, Baba. Kutoka leo wewe ndio utakuwa unakata."

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Huyu hakuulilia hata. Alipewa tu kwa sababu ana jina la babu. Alikishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa watu, akaniangalia, nikaangalia pembeni. Mimi nilikuwa na jambo moja la kuuliza na sikuweza kulimeza.

"Na mimi, Baba?"

"Kisu ni ya wanaume," baba akasema, bila hasira, kama mtu anayeeleza njia. "Wewe uko na mashini yako."

Walicheka, na baba akacheka pamoja nao. Nikaikumbatia mashine yangu na waya wake nikairudisha jikoni. Shukrani ya punda ni mateke. Sisemi baba yangu ni punda, lakini teke nalijua nikipigwa.

Ndugu yangu alikata lile paja kama anayekata mbao. Alifuata nyuzi za nyama badala ya kuzivuka, akatoa mapande makubwa kama ngumi, mengine yananing'inia. Baba alipewa pande la kwanza, kubwa kuliko yote, kwa heshima. Nilikuwa napitisha maji ya kunawa na nilimwona akilitia mdomoni, akilihamisha shavu hili, akilihamisha shavu lile, macho yakianza kulengwalengwa na machozi ya kutafuna. Alitikisa kichwa kusifu. Kisha akatoa leso, akajifanya anakohoa.

Nilikuwa naosha sufuria alipoingia jikoni. Alikuwa ameshika ile leso, na alipoifungua ndani yake mlikuwa na pande lake lote, upande mmoja umelowa mate. Alikuwa hajala kitu tangu asubuhi. Nilijua, maana mimi ndiye ninayejua. Aliliweka kando ya mashine.

"Maitu," akasema polepole, "funga mlango kwanza. Wasisikie."

Nilimwangalia. Nilitaka kumwambia aende akatafuniwe na huyo Baba wake. Nilitaka kuwasha mashine na kuacha mlango wazi, ilie mpaka Murang'a isikie, waje wote waone mzee wa kisu amesimama jikoni na nyama ndani ya leso. Mkono ulikuwa kwenye swichi. Lakini mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya kuliko siku zote, nadhani kwa njaa, na mtu anayekuita mama hata ukimchukia utamlisha.

Nikafunga mlango. Nikasuuza lile pande, nikaligeuza vile alivyonifundisha mwenyewe, nikaliweka nyuma ya kikingio na kusukuma. Aliegemea sinki akala vipande kimoja kimoja kadiri vilivyoanguka, haraka haraka, akiangalia mlango. Nilimshikia sahani isianguke. Nilingoja kuona kama ataniwekea hata kimoja mkononi. Alivimaliza vyote, akajipangusa mdomo kwa leso ile ile, akanyoosha koti lake na kutoka.

Mlango aliuacha wazi kidogo. Nilimsikia akikaa kwenye kiti chake, na mke wa ndugu yangu akimuuliza kama ameshiba.

"Nimeshiba," baba akasema. "Nyama ikikatwa na mwanaume hata tumbo inajua."

Wakakubaliana naye wote. Mimi nikachomoa waya, nikafungua kile kisu cha mviringo, nikakiosha kwa maji ya moto na kukipangusa vizuri kisishike kutu. Kesho yake wangekuwa wameenda, na yeye angetaka kula.