Uzito wa Mpiko

Nilikuwa na karatasi yenye maswali matatu ya fizikia na siku sita za kuyajibu. Fundi mkuu wa karakana ya reli hapa Tabora alitaka kijana mmoja wa kujifunza kazi, na alikubali hata sisi tusio na cheti tujaribu. Majibu yamfikie Jumamosi, kabla ya saa sita mchana. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka nafasi ile.

Nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kichakavu kilichotupwa na mwalimu wa misheni. Swali la taa mbili zilizounganishwa kwa mfuatano nililimaliza siku ya kwanza, ingawa nyumbani tulikuwa na koroboi tu. La mawimbi nililipata kwa kufunga kamba ya ndoo mlangoni na kuitikisa mpaka mama akanifukuza. Likabaki lile lililoonekana jepesi kuliko yote: watu wawili wamebeba mzigo wa ratili sitini kwenye mti wa futi sita. Mzigo uko futi mbili kutoka kwa mtu wa mbele. Kila mmoja anabeba kiasi gani?

Wa mbele arobaini, wa nyuma ishirini. Nikaandika. Kisha nikajiuliza: na mti wenyewe je? Swali halikusema uzito wake. Nikafuta.

Jumanne nilikwenda sokoni kuwaomba wauza miti wanipimie. Kila mti ulikuwa na uzito wake. Jumatano niliandika kurasa nne, nikazichana kwa sababu ya doa moja la wino. Niliamini fundi ametega mtego, na kwamba mjinga ndiye angejibu upesi.

Babu yangu alikuwa mpagazi ujanani. Alikwenda Bagamoyo na kurudi kwa miguu, mzigo begani, safari ambazo mwenyewe hakuzihesabu. Alhamisi asubuhi alinikuta uani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unaumwa, mume mwenzangu? Bibi yako anasema unaukataa ugali wake. Mwenzio mimi sithubutu."

Nikamsomea swali. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hili ndilo linakukondesha? Lete mpiko."

Nilileta ule mti wa kubebea. Akafunga gunia la mtama, akalisogeza upande wake. Nikataka tubadilishane.

"Kaa nyuma huko! Njiani mzigo ulisogezwa kwa mwenye nguvu. Leo mwenye nguvu ni mimi."

Tukazunguka ua. Mimi sikulemewa sana. Bega lake nililiona likishuka.

"Mimi mafungu mawili, wewe moja," alisema akihema.

"Na mti, babu? Mti una uzito gani?"

"Mti tulichagua mwepesi, ili tuusahau. Hesabu mzigo."

Jibu zima lilikuwa hilo. Nami nikamwambia, kwa sauti ambayo bado naisikia, "Babu, hii ni fizikia, si upagazi."

Akauegemeza mpiko ukutani, akaingia ndani akisugua bega la kulia.

Jumamosi nilikuwa bado nanakili kwa mwandiko safi, arobaini na ishirini zikiwa zimerudi mahali pake, king'ora cha karakana kilipolia saa sita. Nilikimbia njia nzima. Karani wa mlangoni aliitazama karatasi, akanirudishia.

"Mtu amekwishapatikana."

"Lakini nimeyajibu yote matatu."

"Yeye alijibu mawili, la tatu akakosea. Ila aliyaleta jana."

Sasa napima magunia ya karanga kwenye ghala karibu na stesheni. Huwa narudia kupima kila gunia, na wenzangu wananicheka. Babu amefariki, nami sikumwambia ukweli wa siku ile.

Jumamosi ile, niliporudi kutoka karakana, nilimkuta amekaa kizingitini akinisubiri.

"Wamekuchukua?"

Ningesema nimechelewa. Ningesema alikuwa sahihi. Nikasema, "Hapana. Lile swali la mti lilinishinda."

Mkono wake ukapanda kwenye bega lile la kulia.

"Lakini si tulilibeba," alisema, "mimi na wewe?"