Picha ya Chumba cha Surua

Juzi fundi viatu alifungua mbele yangu mkoba wa ngozi ulioota ukungu, na harufu yake ikanirudisha kwenye kamera ya Baba, iliyokaa katika mkoba kama ule.

Mke wa pili wa Baba nilimwita mama mdogo. Mwanawe wa pekee aliugua surua, akalazwa chumbani, madirisha yamefungwa kwa ajili ya macho yake. Baba akataka wapigwe picha wote watatu. Nami sikuwahi kupigwa hata moja.

"Njoo upige wewe," akaniambia. "Humu mwanga mchache, kamera itakaa wazi kitambo. Bana viwiko mbavuni, toa pumzi, ubonyeze taratibu. Ukitikisika, nyuso zitapotea."

Nilijua. Alikuwa keshanifunza, na mkono wangu ulitulia kuliko wake. Wakakaa kitandani, Baba amempakata mtoto, amemshika kidole. Nikabana viwiko, nikatoa pumzi. Nilipobonyeza, nikaisukuma kamera pembeni kwa makusudi.

Picha ilirudi kutoka Wete, ilikopelekwa kusafishwa, mtoto keshazikwa. Hakuacha nyingine. Pale penye uso wake palikuwa na doa jeupe lililoburutwa, na mama mdogo alilipapasa kwa kidole kana kwamba litafutika.

"Ulitikisika?" Baba akaniuliza.

"Mwache," mama mdogo akasema, akanivuta kifuani. "Kamera nzito ile kwa mtoto. Ahsante, mwanangu, ulijitahidi."

Nikamwacha anibembeleze mpaka akachoka.