Sweta Chini ya Sare

Kyela jasho halina msimu, kwa hiyo mtu akikuona umebeba sweta lazima akuulize unaumwa nini. Mimi hubeba. Nina pumu, na kila kwaya yetu inapoalikwa Tukuyu, gari likishapanda mlima na ukungu ukashuka, kifua changu hufunga. Mwaka juzi niliimba kule na gauni la satini peke yake, nikaishia kulazwa wiki nzima. Aisifuye mvua imemnyea.

Mwaliko wa mwaka huu ulipokuja nilijiandaa kama mtu mwenye akili zake. Ndani kabisa fulana ya pamba, nyepesi, ya kunyonya jasho tukiwa bado huku bondeni. Juu yake sweta jembamba la shingo ndefu, la mtumba, nililolisaka sokoni Ipinda mpaka nikapata zambarau ile ile ya sare yetu. Kisha sare. Mkononi koti zito la sufu la kumalizia tukishafika. Nilijitazama kwenye kioo nikajipenda, na sioni aibu kusema hivyo. Shingo ya sweta ilichomoza kwenye kola utadhani fundi ndiye aliyeiweka.

Mwalimu wetu wa kwaya, mama ninayemheshimu sana, hakupenda. Tulishuka uwanjani pa kanisa kule Tukuyu manyunyu yakitupiga, wenzangu wamejikunyata ndani ya satini zao, naye akanikagua kuanzia shingoni.

"Mwanangu, vua hilo sweta. Sare ni sare."

"Mama, kifua changu unakijua."

"Kwaya ni moja. Ukionekana tofauti umetuharibia wote. Vua, au nenda ukakae na wenyeji."

Nimeimba kwaya ile tangu usichana wangu. Mstari wa mbele, sauti ya kwanza, ni nafasi ambayo hakuna aliyenipa kwa kunionea huruma. Iliniuma, sifichi. Tunasema sare sare maua, lakini hata maua hunyauka kwa baridi.

Sikuvua. Nilivaa na koti juu yake, nikaenda kukaa na wenyeji, katikati ya akina mama waliovaa masweta na kujifunga vitenge juu yake. Hakuna aliyenishangaa. Mmoja alinisogezea nafasi.

"Ndaga fijo, mama," nikamshukuru.

Kwaya ikajipanga mbele. Wimbo wetu mkuu huanzishwa na mtu mmoja, na waanzishaji tulikuwa wawili tu: mimi, na dada mmoja ambaye sasa meno yake yalikuwa yanagongana kwa baridi. Alifungua kinywa, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakatika. Watu wakaanza kumtazama kwa huruma, na huruma ya namna ile mimi siiwezi.

Nikasimama pale pale kwenye benchi, nikaanzisha. Kwaya ikapokea, ingefanyaje? Niliimba beti zote bila kukohoa hata mara moja.

Tukiwa njiani kurudi, mwalimu alinitangazia mbele ya wenzangu kwamba nimesimamishwa mpaka nitakapoomba radhi. Sijaomba. Jumapili nakaa na washarika wengine, na wimbo ukifika naimba sauti yangu ya kwanza kutoka huko huko nilikokaa, na wanaogeuka kunitazama wageuke. Juzi alituma mtu kuniuliza radhi hiyo italetwa lini. Nilimjibu aliyetumwa nami nikamuuliza: niombe radhi kwa kupumua?