Mikidadi Alipokutana na Mtani Ghalani

Mimi si mtu wa kusifia wanaume ovyo, lakini Mikidadi nitamsifia mpaka nife. Ndiye aliyekuwa akishusha kabichi zetu kutoka Mgeta kwenda Dar kwa lori lake kuukuu, akiimba njia nzima kwa sauti mbaya, jamani, mbaya kabisa! Domo lake halikuwa na breki. Ila roho yake, weee! Ukiugua anakupeleka hospitali Morogoro, ukimuuliza nauli anakutukana.

Sheria ya wakati ule ndiyo ilinichefua. Mizigo ya bandarini ilibebwa na malori ya mashirika ya umma tu, na mengi yalikuwa juu ya mawe. Bandari ikafurika. Mikidadi akishashusha kabichi sokoni anarudi mlimani mtupu, huku viazi vyetu vya mbegu, tulivyoagiziwa na parokia kwa meli, vinakaa kwenye joto la Dar. Ukungu ulikuwa umemaliza viazi vyetu vyote shambani. Hivyo vikioza, masika tutapanda nini? Watoto watakula mawe?

Enzi za ruksa zilipoingia, sheria ikabadilishwa. Lori la mtu binafsi lenye leseni likaruhusiwa kubeba mzigo wa bandarini na kuupeleka mkoa wowote. Mikidadi alipopata leseni yake aliibusu.

"Dada Juliana, panda! Tukachukue viazi vyako kabla havijawa pombe."

Tulikuta foleni ya malori imefika barabara kuu, maana kila mwenye magurudumu alikuja. Tukaliacha lori mwisho wa foleni, tukaenda kwa miguu kumwona mtunza ghala, angalau tujue viazi vi hali gani. Alikuwa bwana mmoja mnene, Kapaya jina lake, amekaa mlangoni na sahani ya ugali ambayo hajaigusa. Mikidadi kusikia lafudhi yake tu, akaruka.

"Mnyamwezi! Mtani wangu!"

Kwetu Waluguru, Mnyamwezi ni mtani. Chake unakula, na ukimtukana hana ruhusa ya kukasirika. Mikidadi akavuta sahani, akamega tonge.

"Hiki nakula mimi. Wewe mama yako atakupikia kingine, kama hajafa kwa uchoyo."

Kapaya akamtazama. "Amezikwa juzi, Tabora," alisema. "Niliomba ruhusa ya kwenda, nikaambiwa mizigo imejaa."

Yesu na Maria! Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Nikajua viazi basi tena. Nikamfinya Mikidadi tuondoke, wapi! Alirudisha sahani taratibu, akaninyang'anya kanga niliyojitanda, akaifunga kiunoni, akaenda kulala chali katikati ya mlango wa ghala.

"Mama hapiti hapa!" akapiga kelele. "Mimi mtani sijalipwa! Bibi huyu alikuwa mchoyo, anakoroma kama treni, leo mnataka kumpitisha bure?"

Ndivyo watani wafanyavyo msibani. Hulala njiani, na maiti haipiti mpaka wafiwa watoe kitu. Madereva wakaja mbio, waliojua mila wakaangua kilio cha uongo. Kapaya akacheka mpaka akashika ukuta, kisha kicheko kikamgeuka, akalia kama mtoto. Hakuwa amelia tangu apate taarifa, masikini.

"Unataka nini, mbwa wewe?" akauliza huku akijifuta kamasi.

Sema viazi, nikaomba kimoyomoyo. Sema viazi!

"Nataka ule," Mikidadi akasema. Hakuinuka pale chini mpaka sahani ilipokwisha.

Nilimchukia, nasema kweli. Kapaya akanawa, akamkumbatia, lakini akatuambia kwa masikitiko kwamba foleni ni foleni, hawezi kutupitisha mbele ya watu waliolala pale. Tukarudi kwenye lori.

Mara yule dereva wa lori la mbele kabisa, mmoja wa wale waliokuja kulia, akapita akigonga milango ya wenzake. "Sogeeni! Mpisheni huyu, ametoka kuzika!"

Malori yakaanza kusogea pembeni, moja baada ya jingine, mpaka njia ikawa nyeupe hadi getini. Mikidadi akashika usukani asiweze kuwasha gari, machozi yanamtiririka. Nikampiga ngumi ya bega.

"Washa, mjinga wewe," nikamwambia, nami nalia. "Viazi vinaoza."