Namba Nyeupe Ukutani kwa Maulidi

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko. Labda, ila hawakumjua Maulidi Hafidhi, fundi cherehani wa Tukuyu.

Babu wa babu yake alipanda huku na msafara kutoka pwani, akiuza kaniki na shanga, akajenga nyumba ya udongo na kuitia mlango wa nakshi. Maulidi alizaliwa nyuma ya mlango ule, akashonea barazani pake miaka arobaini, na hakuwa na pengine pa kulala. Basi Ijumaa moja anarudi msikitini, anakuta ukutani namba nne, nyeupe, rangi haijakauka. Moyo paa! Kibanda cha marehemu baba yake kule Kiwira kilianza hivihivi: leo rangi, kesho tingatinga.

"Waliopaka ni akina nani?" alimwuliza jirani yake Ikupa, muuza ndizi.

"Watu wa serikali, tata, baba yangu. Wakasema nyumba hii kuukuu kweli. Wakapiga na picha."

Kuukuu! Neno hilo lilimnyima usingizi. Mtu mwenye akili si angekwenda ofisini akauliza? Thubutu! Aliogopa kwamba akiuliza ndipo watakapomkumbuka. Akaamua, kama kosa la nyumba ni uzee, basi uzee utoke. Akaita fundi, wakapiga plasta ya saruji, wakapaka rangi ya bluu juu ya ile namba. Mlango wa nakshi ukang'olewa, ukawekwa wa chuma. Ule wa zamani alimpa Ikupa, akauchanja kuni.

"Ndaga fijo," Ikupa alishukuru.

Siku ya kumi akaja dada mmoja, Hellen, na makaratasi kwapani. Akaipita nyumba, akarudi, akaipita tena.

"Shikamoo mzee. Natafuta namba nne."

Maulidi akaacha kushona. "Marahaba. Ya nini?"

"Tunafufua njia ya misafara ya zamani, kutoka Ziwa Nyasa, Masukulu, hapa, mpaka Kiwira, watalii waifuate. Barabara inapanuliwa, ila nyumba tulizozipa namba haziguswi, itazikwepa. Namba nne ndiyo yenye mlango wa nakshi."

Maulidi akatupa jicho uani kwa Ikupa. Maharage yalikuwa yanachemka. Chini ya sufuria, kipande cha mwisho chenye ua la nakshi kilikuwa kinashika moto. Akakimbia, akakichomoa kwa mikono mitupu, akamletea Hellen huku vidole vinaungua.

"Ndiyo hii, mwanangu! Namba nne ndiyo hii. Niandike."

Hellen alikitazama kile kipande, akautazama ukuta wa bluu, machozi yakamlenga.

"Mzee wangu, sasa niandike nini?"

Jumatatu walikuja wengine, na kopo la rangi nyekundu. Safari hii Maulidi hakungoja. Aliwauliza rangi ni ya nini kabla hawajafungua kifuniko, nao wakamwambia: ni ya alama ya X, kwa nyumba zitakazobomolewa kupisha barabara.