Filtre Nyekundu ya Ba Kalaba

Kalaba Chileshe Mumba alikuwa mwana wa Mumba, aliyesukuma vagoneti za mawe chini ya mgodi miaka makumi mbili bila kuchelewa hata siku moja, na mjukuu wa Kunda, aliyetoka Luapula kwa miguu na mzigo wa samaki kavu kichwani, akafika nao wote. Yeye mwenyewe alipeleka kamyo ya mizigo Kasumbalesa, mpakani, mara mia tatu bila kuangusha gunia. Hesabu hiyo aliitoa yeye, hata kwa bantu waliokuja kuomba chumvi tu.

Kamyo ilikuwa moja, na nyumba yake nzima ya kule mtaa wa Annexe ilikula kwa hiyo moja.

Siku moja kwenye mulongo wa kamyo mpakani, muchuuzi akamwonyesha filtre ya hewa, chujio la pamba nyekundu, limepakwa mafuta kidogo.

"Ile yako ya zamani inaziba motere pua, baba. Na hii, kilima utakipanda ukiimba."

Kalaba alipenda kusifiwa pamoja na kamyo yake. Akatoa filtre ya zamani, ile ya bakuli la mafuta ambamo hewa hupita kwanza, akamwachia muchuuzi pamoja na pesa za bei. Kweli, kamyo ikanguruma kama chifu anayeamshwa mapema. Kilima kilikuwa kile kile, na gia ya pili ile ile, lakini Kalaba alisikia nguvu, na masikio yake yalimtosha.

Jumamosi ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, bantu wote walipokuwa wanafyeka majani kwa amri ya Chama, yeye akasafisha kamyo. Akakuta filtre ina mafuta. Mwana wa Mumba aendeshe kintu chafu? Akaifua kwa sabuni, akaisuuza maji matatu, akaianika kwenye kamba kati ya mashuka.

Mke wake, jina lake Mujinga, akasimama kuangalia. "Baba Germaine, hii njo filtre ao njo kaputula?"

"Motere pia inapenda usafi, Mama Germaine."

Ilikuwa mwezi wa nane, barabara vumbi jekundu tupu. Baada ya safari mbili kamyo ikaanza kutoa moshi na kunywa mafuta. Kalaba akalaumu mazuti ya kwenye tangi, akalaumu mashimo, akalaumu jicho la jirani. Mujinga alizungushia kidole chake kitambaa cheupe, akakiingiza ndani ya bomba, pale hewa inapotoka kwa filtre kwenda kwa motere. Kitambaa kikatoka chekundu.

"Motere yako inakula barabara," akasema. "Ile mafuta njo ilikuwa inakamata vumbi, na weye ukaifua. Inzi unamukamata na kintu ya kunata, hapana na kintu ya kupiga pasi."

Kalaba hakutaja babu yake siku hiyo. Alikokota kamyo mpaka kwa makanisha Kasonde, fundi wa kamyo, aliyefungua motere akakuta imekwaruzwa, haijafa. Safari moja zaidi ingeiua. Kasonde akamfungia filtre ya bakuli la mafuta, kama ile ya zamani, aliyoitoa kwa kamyo iliyokufa. Mungurumo wa chifu ukaisha.

Asubuhi ya kurudi barabarani, Kalaba alimwita Mujinga mbele ya majirani, akampa funguo.

"Toka leo, kila safari, weye njo utapima bomba na kidole chako. Ukikuta vumbi, usinipe funguo. Hata nikikuambia nimeenda Kasumbalesa mara mia tatu."

"Mia tatu na mbili," akasema Mujinga, akaanza kupandisha mikono ya nguo.